Kupunguza kemikali zenye sumu nyumbani: anzia kwenye vumbi, si dukani

Sumu nyingi za nyumbani hazimpati mtu kwa kumeza dawa ya choo kwa bahati mbaya. Zinampata kidogo kidogo kwa njia tatu: mvuke anaouvuta, vumbi linaloingia mdomoni kupitia mikono, na kile kinachopenya ngozi. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na orodha ya vitu vya kutupa. Anayetupa sofa ya zamani na kuleta mpya bila kubadili namna anavyofagia ameondoa chanzo kimoja tu, na huenda ameingiza kingine, kwa kuwa fanicha hutoa mvuke mwingi zaidi ikiwa mpya.

Mpangilio unaofaa ni huu: vumbi na hewa kwanza, kwa sababu ni kazi ya leo na haihitaji kununua kitu, kisha vile vinavyoisha na kununuliwa tena, kama sabuni na dawa za wadudu. Fanicha, mazulia na rangi vingoje siku ambayo vingebadilishwa hata hivyo. Mambo mawili tu hayangoji: rangi ya zamani inayobanduka mahali mtoto anapocheza, na naftalini (vidonge vya kufukuza nondo) katika nguo za mtoto mchanga. Yote mawili yameelezwa chini.

Vumbi

Vizuia-moto vilivyomo kwenye sponji, ftalati zinazolainisha plastiki, risasi (ile metali, lead) ya rangi, mabaki ya dawa za mbu na mende, vyote huishia kwenye vumbi la nyumba. Sababu ni kwamba vingi kati ya hivi havijaungana kikemia na kitu vilimotiwa. Vimechanganywa tu, kama chumvi kwenye unga, kwa hiyo huendelea kutoka mwaka hadi mwaka. Mtoto anayetambaa ndiye anayepata sehemu kubwa: yuko usawa wa sakafu, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kila kilo ya mwili wake, na kila anachokishika hukipeleka mdomoni.

Ufagio mkavu hauondoi vumbi hili. Huliinua, na chembe ndogo hukaa hewani muda mrefu kabla ya kutua tena kwenye mito na vyombo. Fanya hivi:

1. Anzia juu, malizia chini: feni, juu ya makabati, rafu, kingo za madirisha, mwisho sakafu. Ukianza na sakafu utairudia.
2. Tumia kitambaa chenye unyevu, kilichokamuliwa mpaka kisidondoshe tone. Cha maikrofaiba hushika chembe ndogo vizuri kuliko fulana kuukuu. Kikunje mara mbili upate pande nane, tumia upande mmoja mmoja, kisha kisuuze. Kitambaa kilichojaa kinahamisha tu uchafu.
3. Deki kwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia dekio. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji (mililita 5) kwa lita moja kinatosha. Ukizidisha, sakafu hubaki na utando unaonata, na utando huo hukamata vumbi jipya kabla ya jioni.
4. Kama una kifyonza vumbi, kiwe na kichujio cha HEPA, yaani kinachozuia asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikromita 0.3. Kisicho na kichujio hicho huvuta vumbi mbele na kupuliza lililo laini zaidi kwa nyuma. Kipitishe polepole, na kwenye zulia pita njia mbili zinazokatana. Kimwagie taka zake nje, ndani ya mfuko.
5. Maji machafu ya kudekia mwaga chooni, usiyapeleke kwenye bustani ya mboga.

Mara moja kwa wiki inatosha nyumba nyingi; chumba cha mtoto anayetambaa kifanyie mara mbili. Viatu vibaki mlangoni, maana vinaleta risasi na dawa za shambani kutoka udongoni. Mikono inawe kabla ya kula, kwa sabuni ya kawaida. Sabuni zilizotangazwa kuwa zinaua bakteria hazina faida ya ziada hapa: mwaka 2016 Marekani iliondoa triklosani na viambato vingine 18 kwenye sabuni za kunawia za watumiaji wa kawaida, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku wala kwamba zinashinda sabuni na maji.

Hewa

Fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni. Dirisha moja halisukumi hewa. Kama dirisha ni moja, acha mlango wazi na weka feni dirishani ikipuliza nje. Chumba kitavuta hewa safi kupitia mlango. Kama nje kuna moshi au magari mengi, chagua saa ambayo barabara imetulia badala ya kufunga siku nzima.

Kisafisha hewa chenye HEPA hushika chembe, hakishiki gesi. Wa kushika gesi ni mkaa amilifu, tena mwingi, kwa kilo; kale kapande chembamba cheusi kanakouzwa na mashine ndogo hujaa upesi na kuacha kufanya kazi. Mashine zinazotoa ozoni usinunue kabisa, ozoni yenyewe inaunguza mapafu. Na mimea ya chungu? Ipande kwa uzuri wake. Majaribio yaliyoipa sifa ya kusafisha hewa yalifanywa ndani ya masanduku yaliyozibwa, na hesabu zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kile ambacho dirisha lililo wazi hufanya bure.

Manukato ya chumba ni suala jingine ambalo watu hulifanyia upole usiostahili. Harufu za limau na msonobari (limonini na pinini) zikikutana na ozoni iliyopo hewani huzaa fomaldehaidi na chembe laini sana. Kitu kikinuka, tafuta kinachonuka.

Fanicha za mbao za kiwandani

Chipubodi, MDF na plaiwudi nyingi hushikizwa kwa gundi ya yurea na fomaldehaidi. Gundi hiyo huoza taratibu ikipata unyevu na joto, ikitoa fomaldehaidi kwa miezi na hata miaka, nyingi zaidi mwanzoni. Shirika la utafiti wa saratani la WHO linaihesabu fomaldehaidi kuwa inasababisha saratani kwa binadamu, na mwongozo wa WHO kwa hewa ya ndani ni isizidi miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa dakika 30. Macho kuwasha na koo kukereka katika chumba chenye kabati jipya ni dalili ya kuisikiliza.

Unaponunua, uliza daraja la bodi kwa fomaldehaidi. E1, daraja la Ulaya, ndicho kiwango cha chini cha kukubali. Alama ya CARB Phase 2 au TSCA Title VI, viwango vya Marekani, ina ukomo ulioandikwa: sehemu 0.05 kwa milioni kwa plaiwudi, 0.09 kwa chipubodi, 0.11 kwa MDF ya unene wa kawaida. Bodi zisizo na fomaldehaidi ya kuongezwa huandikwa NAF. Muuzaji akisema tu kwamba bodi ni ya kisasa, fungua droo iliyokuwa imefungwa, ingiza pua. Harufu kali ya kuchoma ni jibu. Kukosa harufu si ushahidi wa usalama, ila harufu kali ni ushahidi wa kutosha kuiacha.

Ikishafika nyumbani:

- Iweke kwanza chumba kisicholaliwa, au barazani penye kivuli, milango na droo zote zikiwa wazi, wiki mbili au zaidi. Chumba cha mtoto anayesubiriwa kiandaliwe angalau mwezi mmoja kabla, si wiki ya mwisho kama wengi wafanyavyo.
- Kagua mahali bodi imebaki uchi: migongo, chini ya rafu, matundu ya skrubu, kingo zilizokatwa. Uso uliobandikwa melamini hutoa kidogo, kingo ndizo zinazotoa nyingi.
- Ziba sehemu hizo kwa mikono (matabaka) miwili au mitatu ya vanishi ya maji au shelaki, ukiacha kila mkono ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kingo ndefu zibandike utepe wa melamini kwa pasi.
- Vanishi nayo hutoa mvuke, kwa hiyo kazi hii ifanyike nje na kifaa kipumzike siku kadhaa.

Kosa la kawaida ni kufunga chumba na kukipasha joto ili harufu itoke haraka. Mvuke hutoka kweli, lakini mapazia, godoro na nguo huunyonya na kuurudisha polepole baadaye. Joto bila upepo halisaidii. Vilevile usikate wala kupiga msasa MDF ndani ya nyumba. Vumbi lake ni mbao na gundi pamoja.

Sofa, godoro na zulia

Sponji za miongo iliyopita zilitiwa vizuia-moto vyenye bromini. Makundi mawili ya PBDE, jamii moja ya vizuia-moto hivyo, yaliingizwa katika Mkataba wa Stockholm wa kuzuia kemikali zinazodumu mwaka 2009, na dekaBDE mwaka 2017, lakini sofa zilizotengenezwa kabla ya hapo bado zipo majumbani, na nyingi huuzwa mkono wa pili. Lebo iliyoshonwa chini ya mto husaidia. Ikisema TB 117 (kiwango cha California cha kuzuia moto) bila mwaka, hesabu kwamba sponji ina vizuia-moto. Ikisema TB 117-2013, soma mstari unaofuata: fanicha zinazofuata sheria ya California tangu 2015 hueleza kwa alama ya tiki kama kemikali hizo zimeongezwa au la.

Sofa ya zamani si lazima itupwe. Kinachodhuru zaidi ni sponji iliyo wazi na inayomeguka. Shona kitambaa kilichochanika siku hiyo hiyo, usikizibe kwa gundi. Ukibadilisha sponji, kazi ifanyike nje au kwenye chumba kisicho na watoto, sponji ya zamani iingie mfukoni ikiwa nzima, na fremu ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuwekwa mpya.

Kataa vitambaa vilivyotiwa dawa ya kuzuia madoa au maji. Dawa hiyo kwa kawaida ni ya jamii ya PFAS, kemikali zinazodumu sana kwa sababu kiungo cha kaboni na florini ni kigumu mno kuvunjika. Kifuniko cha kufuliwa kinafanya kazi ile ile.

Godoro jipya lifungue, lisimamishe ukutani penye upepo siku mbili tatu kabla ya kulilalia. Kama kifuniko chake kina zipu, usiifungue kukifua mpaka usome lebo. Baadhi ya magodoro yana nyuzi za kioo chini ya kifuniko kama kizuia-moto, na zikishatoka huenea nyumba nzima na kuwasha ngozi na mapafu.

Zulia la kutandaza na kukung'uta linafaa kuliko lililogandishwa sakafuni. Ukilazimika kugandisha, tumia gundi ya maji kwa matone machache, na chumba kipate hewa saa 72 kabla ya kulaliwa. Sakafu na mapazia ya bafu ya vinili laini mara nyingi huwa na ftalati. Ile harufu ya plastiki mpya ni mchanganyiko wa mvuke unaotoka kwenye vinili. Kwa pazia la bafu, chagua plastiki ya EVA au PEVA, au kitambaa kilichosukwa sana.

Rangi ya zamani

Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. WHO inashauri ukomo wa sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi, na nchi nyingi zimechelewa kuweka sheria. Marekani yenyewe ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978 tu. Rangi za mafuta zinazong'aa za manjano, nyekundu na machungwa zishukiwe zaidi, kwa sababu risasi kromati ndiyo iliyokuwa ikizipa ukali wake. Neno la VOC ndogo (mvuke mdogo wa kemikali) kwenye kopo halisemi lolote kuhusu risasi.

Rangi nzima isiyobanduka inaweza kupakwa nyingine juu yake. Isipokuwa madirisha na milango: pale vipande viwili vinaposuguana, rangi husagwa kila siku na kuwa unga, hata ukipaka mara ngapi. Kupima kwa uhakika, kata kipande cha rangi chenye matabaka yote hadi mbao na ukipeleke maabara. Vijiti vya kupima vinavyobadilika rangi husaidia kuchuja, lakini hugusa tabaka la juu peke yake na huweza kudanganya pande zote mbili.

Sehemu ndogo inayobanduka, isiyozidi upana wa mlango, unaweza kuishughulikia hivi. Zaidi ya hapo tafuta fundi aliyefunzwa.

1. Watoto na wajawazito watoke nyumbani mpaka usafi umalizike. Toa fanicha, zima feni, funga mlango wa chumba.
2. Tandika plastiki nzito, ya milimita 0.15 hivi, mita 2 kila upande wa kazi, na uibandike kwa gundi ya utepe.
3. Vaa barakoa ya daraja la P100 au FFP3 inayobana uso. Ya kitambaa au ya hospitali haizuii vumbi hili.
4. Nyunyizia maji yenye tone la sabuni, subiri yapenye, kwangua ikiwa mbichi. Nyunyiza tena kila inapoanza kukauka. Tumia msasa wa maji peke yake. Msasa mkavu, mashine ya kusugua, moto wa gesi: hivi ndivyo vinavyogeuza hatari ndogo kuwa kubwa. Moto huyeyusha risasi ikawa moshi.
5. Kunja plastiki kwa ndani, ifunge mfukoni. Futa kuta, kingo na sakafu kwa sabuni, kisha maji safi, kisha rudia kesho yake, kwa kuwa vumbi jingine hutua usiku.
6. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, nawe uoge pamoja na nywele kabla ya kumshika mtoto.

Mtoto aliyekuwa akicheza hapo apimwe damu. WHO inataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia maikrogramu 5 kwa desilita.

Dawa za usafi

Sheria moja inaokoa maisha: dawa ya klorini, ile wengi wanayoiita jiki, haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji. Ikikutana na tindikali (siki, maji ya limau, dawa nyingi za kuondoa ukoko chooni) hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia (baadhi ya dawa za vioo, hata mkojo mwingi) hutoa kloramini. Ajali nyingi hutokea chooni: mtu amemwaga dawa ya choo, haikutoa doa, akaongeza jiki juu yake. Ukisikia harufu kali ya kukaba, usisimame kumwaga maji. Toka, acha mlango wazi, rudi baada ya hewa kusafika.

Jiki ni kwa kuua vijidudu, si kwa kila siku. Kwa nyuso za kawaida lengo ni asilimia 0.1. Soma nguvu ya chupa: ikiwa ni asilimia 5, pima mililita 20 ujazie maji yafike lita moja, ikiwa ni asilimia 3.5, mililita 30. Tumia maji baridi, moto huiharibu. Osha uso kwa sabuni kwanza, kwa sababu uchafu huila klorini kabla haijafika kwa kijidudu, kisha ipake na uiache dakika 10. Mchanganyiko wa jana mwaga, umepungua nguvu.

Kazi iliyobaki inafanywa na vitu vichache. Sabuni ya maji kwa mafuta na vumbi. Siki ya asilimia 5, nusu kwa nusu na maji, kwa ukoko wa maji na vioo, lakini si kwenye marumaru. Magadi ya kuokea, ujiuji mzito, kwa sinki na jiko. Kuchanganya siki na magadi kunapendeza machoni tu: vinafutana, kinabaki chumvi ndani ya maji. Tumia kimoja, suuza, kisha kingine.

Chupa za kupuliza zifanye dawa iende kwenye kitambaa badala ya hewani. Dawa za kuzibua mabomba usirudishie ya pili tofauti: baadhi ni kostiki, nyingine ni tindikali, na zikikutana ndani ya bomba huchemka na kurukia uso. Anza na pampu ya mpira na waya wa kuzibulia.

Nondo, mende, mbu

Vidonge vyeupe vya kabatini vinaweza kuwa aina tatu, na kuvitofautisha ni rahisi. Tia kidonge kwenye glasi ya maji: kikielea ni kafuri. Kikizama, kihamishie kwenye maji ya uvuguvugu yaliyokorogwa vijiko vitatu vikubwa vya chumvi kwa nusu kikombe, mililita 120. Kikielea sasa ni naftalini. Kikizama bado ni paradiklorobenzini. Kafuri nayo ni sumu ikimezwa. Naftalini huvunja chembe nyekundu za damu za mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo hurithiwa bila mtu kujijua. Nguo na mablanketi yaliyohifadhiwa nayo yamewahi kuwapa watoto wachanga manjano makali. Toa vidonge hivyo, anika nguo juani, zifue, zianike tena, na usimvishe mtoto mchanga kitu chenye harufu hiyo. Badala yake, fua nguo za sufu kabla ya kuzihifadhi (nondo hufuata jasho na mafuta ya mwili), kisha zifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Kwa mende, chambo cha jeli, matone madogo kama punje ya dengu kwenye nyufa na nyuma ya jiko, hushinda kupuliza, kwa kuwa mende hubeba sumu hadi kwenye maficho. Usipulize dawa karibu na jeli, mende wataikwepa. Unga wa asidi boriki utandazwe mwembamba usioonekana sana, ukilundikwa wanauzunguka. Weka mahali mtoto na mnyama hawafiki. Kwa mbu, chandarua na wavu wa dirisha ndivyo vya kwanza. Kipimo kimoja kilichochapishwa mwaka 2003 kilikuta kwamba koili moja ya mbu hutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137; kama huna budi, iwake barazani.

Dawa za shambani zisiingie ndani ya nyumba hata tone. Vidonge vya fosfidi ya alumini vya kuhifadhia nafaka hutoa fosfini vikipata unyevu, gesi inayoua waliolala chumba cha pili.

Jikoni kwa ufupi

Kikaango kisichogandisha huanza kuharibika kikipita nyuzi 260 za Selsiasi, na kikiwa kitupu kwenye moto mkali hufika hapo ndani ya dakika chache. Weka mafuta kabla ya kuwasha. Mafuta mengi ya kupikia hutoa moshi kabla ya nyuzi hizo, kwa hiyo moshi ni king'ora chako: punguza moto. Ndege wa kufugwa wasikae jikoni, mvuke wa kikaango kilichozidi joto huwaua. Lebo ya kutokuwa na PFOA (kemikali moja tu ya jamii ya PFAS) haimaanishi kutokuwa na PFAS.

Chakula cha moto kisiwekwe kwenye plastiki, hasa chenye mafuta. Namba 3 chini ya chombo ni vinili, 6 ni polistairini, 7 ni mchanganyiko unaoweza kuwa na BPA, kemikali inayoiga homoni. Sufuria zilizosubuliwa kwa vyuma chakavu zinaweza kuachia risasi, zaidi zikipikiwa vitu vichachu.

Kusoma lebo

Maneno kama «asili», «kijani» na «rafiki wa mazingira» hayana kipimo. Soma vitu vitatu. Kwanza alama nyekundu za pembe nne: mtu mwenye nyota kifuani ni madhara ya muda mrefu, mkono unaomwagiwa ni kuunguza. Pili namba zinazoanza na H: H350 ni saratani, H360 ni uzazi au mimba, H334 ni pumu. Tatu neno «parfum» au «fragrance», ambalo huficha makumi ya viambato, pengine ftalati. Kwa rangi, gundi na dawa kali omba karatasi ya taarifa za usalama. Ina sehemu 16, nawe unahitaji ya 2 (hatari) na ya 3 (viambato). Tafuta kwa namba ya CAS (namba ya utambulisho ya kila kemikali), maana majina hubadilika: fomaldehaidi ni 50-00-0, naftalini 91-20-3, ftalati ya DEHP 117-81-7.

Taa ikivunjika, mtu akimeza

Taa za mrija na zile za kujikunja (si za LED) zina miligramu chache za zebaki. Ikivunjika, toa watu, fungua dirisha, subiri dakika 5 hadi 10. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, unga uliobaki kwa gundi ya utepe, futa kwa karatasi yenye unyevu, vyote viingie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Usifagie wala kutumia kifyonza vumbi, vitaitawanya.

Dawa zote zibaki kwenye chupa zake za asili, juu, zimefungwa kwa ufunguo. Mafuta ya taa au dawa ya wadudu ndani ya chupa ya soda ni mtego kwa mtoto mwenye kiu.

Mtu akimeza kostiki, tindikali, jiki au mafuta ya taa, usimtapishe. Kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa yakiingia mapafuni ni mabaya kuliko tumboni. Msuuze mdomo, usimlazimishe maziwa wala mafuta, mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20 kabla ya kuanza safari, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole. Ikimwagikia ngozi, vua nguo kwanza, kisha maji mengi.